Visima Thelathini na Kimoja

Pinder, Georgia
Jumatatu, 9 Juni 1997

Shangazi Verdell,

Shikamoo. Bi. Kilgore, mwalimu wetu wa lugha, ametuagiza likizo hii kila mmoja amwandikie mtu mzima barua za kweli, zisipungue tano. Nimekuchagua wewe kwa sababu huwa unajibu, na kwa sababu Bibi akinipa simu husimama karibu akitazama saa.

Jana ulipompigia Bibi ukaomba zile karatasi za mahudhurio ya semina zako za maji ya visima, alinituma mimi, maana magoti yake hayapatani na ngazi za kushukia kwenye chumba cha chini ya kanisa. Nimezipata. Ziko kumi na moja, ndani ya boksi la mishumaa, na moja ina doa la mchuzi wa kuku. Shemasi Tabb amesaini mara tatu siku moja. Nilimwuliza, akasema, "Moja yangu, moja ya mke wangu Mozelle aliyebaki jikoni, na moja ya kaka yangu wa Macon. Angekuja kama gari lake lingewaka."

Nitazituma kesho. Lakini naomba niulize. Ulisema zinaingia kwenye faili lako la kuomba kupandishwa cheo. Mimi nilidhani walimu wa chuo kikuu hupandishwa kwa kuandika vitabu. Wewe huna hata darasa, darasa lako ni kaunti nzima. Sasa hao wakubwa wakiona kwamba Shemasi Tabb alihudhuria mara tatu, watakuwa wamejua nini?

Mtoto wako,
Renita


Chuoni
16 Juni 1997

Renita mwanangu,

Marahaba. Karatasi zimefika, pamoja na kaka wa Shemasi Tabb.

Swali lako ndilo waliloniuliza wao. Sisi walimu wa huduma kwa jamii tuna ngazi zetu wenyewe, na vitabu si kipimo kikubwa kwetu. Mwaka jana niliomba kupanda ngazi. Faili langu lilikuwa na uzito wa kilo nne: mikutano mia mbili na kumi na minne, tarehe zake, picha zake, saini za wote waliokuja. Kamati ikanirudishia na nusu ukurasa. Sentensi moja naijua kwa moyo: "Tunaona kila mahali alipokwenda, lakini hatuoni kilichobadilika baada ya yeye kuondoka." Nilikasirika wiki mbili. Wiki ya tatu nikaona wana haki.

Hapo kwenu nilipima visima mia moja na arobaini. Sitini na vinne vilikuwa na naitreti nyingi, sumu inayoshuka kutoka kwenye mbolea na samadi, nayo haionekani wala hainuki. Niliwaeleza wenye visima la kufanya: kuziba mdomo wa kisima kwa zege, kuhamisha zizi la nguruwe, kuchimba chini zaidi. Mwaka uliofuata niliwapa hao sitini na wanne fomu ya maswali, bila majina. Zilirudi hamsini na nane. Hamsini na moja kati ya hizo zilisema hakuna kilichobadilika.

Ndiyo maana nakusanya saini, kwa sababu sina kingine. Faili linafungwa tarehe 5 Septemba. Wakinikataa mara ya pili, mkataba wangu unakwisha Juni ijayo na mradi wa maji unakwisha nao. Hili la mkataba usimwambie Bibi. Atampigia simu mkuu wa chuo, na atamwita kwa jina lake la kwanza.

Shangazi yako,
Verdell


Pinder
30 Juni 1997

Shangazi,

Barua hii imechelewa siku tatu kwa sababu kuna kitu ilibidi nikinakili upya.

Hamsini na moja ni wengi mno, kwa hiyo nilichukua baiskeli nikaenda kutazama. Nilianza kwa Bi. Mozelle Tabb. Nikamwuliza kwa adabu kama alibadilisha chochote baada ya semina zako.

"Maji yangu hayana shida, mtoto. Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, ma'am. Nauliza tu."

"Basi uliza kuhusu maharage yangu, ndiyo yenye shida."

Lakini kisima chake kina zege jipya mdomoni, pana kama meza, na mtu ameandika kwa kijiti kabla halijakauka: 11/94. Nikamwuliza hilo zege ni la nini. Akasema, "Hilo ni urembo."

Shangazi, nimeona urembo wa namna hiyo kwenye nyumba tisa za barabara yetu. Na zizi la akina Mayhew limehamishwa hadi ng'ambo ya shamba la karanga. Bwana Mayhew anasema nguruwe walitaka mandhari mapya.

Halafu nilimwuliza Bi. Mozelle zile fomu zilijazwa wapi. Akasema palepale kanisani, kwenye meza ndefu, baada ya ibada, watu wamekaa kiwiko kwa kiwiko. Akasema pia, "Na wewe ungeandika nini, jirani anachungulia, naye ndiye uliyempa chai Jumapili iliyopita?" Nadhani hapo ndipo palipoharibika. Hapa kumwambia mtu kisima chako kibaya ni sawa na kumwambia ulimpa maji machafu alipokuja kukutembelea. Ulipoandika ile fomu, uliwaza maji. Wao waliwaza wageni.

Mwisho nilikwenda kwa Bwana Hoyt Purvis, fundi wa visima wa kaunti nzima. Yeye hana daftari. Kila kazi anaiandika kwa penseli kwenye mlango wa banda lake la pampu, upande wa ndani: jina la familia, mwezi, na alichofanya. Aliniruhusu kunakili wale wote waliomwita baada ya semina zako. Orodha nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Wako,
Renita


Chuoni
7 Julai 1997

Renita,

Niliposoma kuhusu mlango wa Bwana Purvis nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Mwenzangu wa chumba cha pili aliniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Kisha nikafungua orodha, nikaona jina la kwanza, nikaikunja palepale bila kusoma la pili. Nakurudishia. Usijisikie vibaya, kosa ni langu kwa kutokukuonya. Watu hawa niliwaahidi kwamba majibu ya maji yao ni siri yao. Kama wameificha hata kwa majirani, siwezi kuipeleka kwa watu saba wa kamati wenye tai. Chana orodha hiyo. Hata Bibi asiione.

Lakini idadi si siri. Niambie tu ni wangapi. Na mwombe Bwana Purvis, kama ana moyo huo, aniandikie mistari michache: alitengeneza visima vingapi baada ya semina, na kwa kawaida huwa anatengeneza vingapi kwa mwaka. Bila jina hata moja.

Hilo la fomu na meza ya kanisa, nimelisoma mara nne. Nimezaliwa Pinder. Nimekunywa chai kwenye kila ukumbi wa mbele wa barabara hiyo. Ilihitaji nikasome miaka saba ndipo nisahau.

Verdell


Pinder
14 Julai 1997

Shangazi,

Nimechana. Niliona haya kidogo, halafu nikaona ni vizuri kwamba nimejua nikiwa na miaka kumi na miwili.

Idadi ni thelathini.

Bwana Purvis amekubali kuandika. Amesema, "Mwambie Verdell mwandiko wangu ni wa kwenye mlango, asitegemee makubwa." Anasema yeye mwenyewe alishangaa mwaka ule. Kila mtu alimwita asubuhi mapema, na kila mtu alimwambia asiseme, mpaka akajihisi kama mganga wa siri.

Ninaendelea kutembelea nyumba, ila siulizi tena moja kwa moja. Nasifia zege, kisha nanyamaza. Watu hawapendi kunyamaza pamoja na mtoto, huanza kusema wenyewe.

Bibi ameniambia niache kuhesabu visima vya watu. Hajakasirika, ila tangu juzi amekuwa akifua mapazia ambayo tayari ni safi.

Renita


Chuoni
24 Julai 1997

Renita,

Barua ya Bwana Purvis imefika, kwenye karatasi yenye alama ya kidole cha grisi, na ni nzuri kuliko nusu ya yote niliyowahi kuweka kwenye faili. Anasema kwa kawaida huziba visima vitatu au vinne kwa mwaka. Katika miezi kumi iliyofuata semina zangu aliziba au kuchimba upya thelathini na kimoja.

Thelathini na kimoja, wewe ukasema thelathini. Huenda ni kukosea tu, na mimi hukosea hesabu kila siku. Lakini wewe ulihesabu hata madoa ya mchuzi. Ninauliza sasa kwa sababu mtu wa kamati ataiona tofauti hiyo, na akishaiona hataamini namba nyingine yoyote.

Kama kuna sababu ambayo huwezi kuisema, andika tu kwamba huwezi. Sitakulazimisha.

Shangazi


Pinder
31 Julai 1997

Verdell,

Mtoto hana kosa. Mimi ndiye niliyemwambia aruke jina moja, nikamwapisha juu ya Biblia ya baba yako. Aliporudi kutoka kwa Hoyt aliniuliza kwa nini kuna O. Stroud, Oktoba 94, kwenye ule mlango. Nikamwambia ni mambo ya watu wazima. Ana tabia ya kuuliza. Sijui kaitoa wapi, labda kwako.

Siku ile uliposimama chini ya kanisa na bango lako, nilikuwa mstari wa pili, na kofia ya zambarau. Ulisema maji ya namna ile mtu mzima atakunywa asione kitu, lakini mtoto mchanga akichanganyiwa maziwa nayo, midomo hugeuka rangi ya majivu na pumzi hupungua. Wewe ulikuwa unawafundisha watu. Mimi nilikuwa namwona Renita, Februari ya 1985, ana miezi mitatu, mama yake yuko jeshini Ujerumani na kaka yako yuko barabarani na lori. Nani alikuwa anachanganya chupa? Unakumbuka tulivyomkimbiza Albany. Daktari alisema ni moyo, kisha akasema hajui.

Kesho yake, saa moja asubuhi, nilimwita Hoyt Purvis. Na fomu yako ilipokuja niliweka alama pale penye "hakuna." Haikuwa na jina, lakini kalamu yangu unaijua; ningesema kimebadilika ungeniuliza kwa nini, na ningekudanganya usoni. Kukudanganya kwenye karatasi kulikuwa rahisi zaidi.

Mtoto hajui. Bahasha hii nimeifunga mwenyewe na kuipeleka posta mwenyewe, magoti na yote. Kama barua hii itakusaidia, iweke kwenye faili lako.

Mama yako,
Ozella Stroud


Chuoni
5 Agosti 1997

Mama,

Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye maegesho ya magari, na sikuweza kuingia ofisini mpaka saa sita.

Siwezi kuiweka kwenye faili. Sheria inakataza ushahidi wa ndugu, na hata isingekataza nisingeiweka. Ila nataka ujue kwamba katika miaka tisa ya kazi hii hakuna aliyewahi kuniambia jambo kubwa kuliko hilo. Hukujua, Mama. Hakuna aliyejua. Ulisikia jioni, ukatenda asubuhi.

Siku ile mimi niliona kofia ya zambarau ikitoka kabla ya maombi ya kufunga. Nilidhani nimekuchosha.

Renita utamwambia siku utakayoona inafaa. Mimi sitamwambia.

Verdell


Pinder
18 Agosti 1997

Shangazi,

Jana ilikuwa Jumapili ya Kurudi Nyumbani, siku waliohama hurudi kula pamoja kanisani. Watu walikuja mpaka kutoka Detroit. Nilikuwa namimina chai ya barafu, kwa hiyo mwanzo nilisikia nusunusu, lakini nitakuandikia kama nilivyosikia.

Baada ya kuku na kabla ya keki, mchungaji aliuliza kama kuna matangazo. Bibi akasimama. Alikuwa bado ameshika sahani.

"Kisima changu kilikuwa kibovu," akasema. "Kilikuwa kibovu mlipokuja kwangu na kilikuwa kibovu nilipokuwa nawasema wengine. Nilikitengeneza Oktoba 94, nikamficha binti yangu mwenyewe."

Watu wakaacha kutafuna. Bi. Mozelle akasema, "Ozella. Na ile chai ya siku tuliyomzika mama yangu?"

"Hiyo pia."

"Mbona ilikuwa tamu."

Shemasi Tabb ndiye aliyeanza kucheka, kisha meza nzima. Bi. Mozelle akasimama akasema na yeye si mtu wa urembo, kila mtu anajua. Bwana Mayhew akasema nguruwe wake hawakuwa na haja na mandhari yoyote. Ikawa kama siku ya kutoa ushuhuda, mpaka keki ikayeyuka upande mmoja. Bibi akawaambia kwamba kazi yako inaning'inia, na kwamba wasiotaka kuandika wasiandike, lakini wanaotaka, kalamu iko kwa Renita. Samahani, la mkataba alilijua. Alisema alilisikia kwenye sauti yako.

Familia ishirini na mbili zimeandika, kila moja nyumbani kwake, si kwenye meza. Sikuangalia walichoandika. Nimezituma zikiwa zimefungwa. Sasa unaweza kujua kwamba kisima cha thelathini na moja ni cha Bibi. Nilikuwa nimeapa.

Nina swali moja. Vibovu vilikuwa sitini na vinne. Ukitoa thelathini na kimoja, vinabaki thelathini na vitatu. Je, hao waliobaki wanakunywa nini? Kama faili lako linasema ukweli, nadhani na wao wana haki ya kuwamo.

Renita


Chuoni
6 Septemba 1997

Renita,

Faili liliingia jana saa tisa alasiri, na halifiki hata kilo mbili. Karatasi za mahudhurio zimebaki mbili tu. Kaka wa Macon hayumo.

Lina barua ya Bwana Purvis na barua za familia ishirini na mbili. Bibi, kwa kuwa ni ndugu, haruhusiwi kunishuhudia, lakini kisima chake kimehesabiwa. Kuna ukurasa mmoja unaoeleza jinsi fomu yangu ya kwanza ilivyokosea, na kwamba kosa hilo liligunduliwa na mwanafunzi mmoja wa Pinder.

Na kuna ukurasa unaoitwa "Visima Thelathini na Vitatu." Nimeandika kwamba sijui kilichotokea huko, na nadhani vingi bado ni vibovu. Mwenzangu wa chumba cha pili aliusoma akashika kichwa. "Verdell," akasema, "watu hupanda ngazi kwa kuonyesha walichoweza. Wewe unajichongea mwenyewe." Nilitoa ukurasa huo mara mbili. Mara mbili nikaurudisha.

Sasa faili linakwenda kwa wasomi watano wa vyuo vingine, ambao sheria inataka wasiwe rafiki zangu wala watu niliowahi kufanya nao kazi. Kisha linarudi kwa kamati. Jibu ni mwezi wa tatu. Nisipokuandikia hapo katikati, ujue nipo, ila nasubiri vibaya.

Shangazi yako


Chuoni
12 Machi 1998

Renita mwanangu,

Nimepandishwa.

Bahasha ilikuwa nyembamba, nikadhani ni kukataliwa, nikaenda nayo mkutanoni nikaikalia saa nzima. Kamati imekubali, watu sita kwa mmoja. Mradi wa maji umepewa miaka mitatu mingine. Mkuu wa idara alinisomea maneno ya mmoja wa wale wasomi wa nje, bila kunitajia jina lake: "Nimesoma mafaili mengi. Hili ndilo la kwanza ambalo mwombaji anataja wale ambao hakuwafikia na kunifanya nitake kuwajua. Ningependa kuona mtu huyu akirudi kwao."

Kwa hiyo nitarudi. Kuanzia Aprili nitagonga milango hiyo mmoja mmoja, na sitabeba fomu.

Nimempigia Bibi.  Akaniuliza kama nimekula.

Verdell


Pinder
Jumapili, 22 Machi 1998

Shangazi,

Hongera. Nimemwambia Bi. Kilgore. Amesema barua zetu zimeshapita tano zamani, lakini hakusema tuache.

Leo baada ya kanisa tulikuwa tunachagua mbegu za maharage, Bibi akasema, "Weka hizo chini." Akaniambia kuhusu ile Februari, na maziwa, na Albany. Aliniambia yote bila kuniangalia, akiwa ameshika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye gari linalokimbia. Nadhani wewe ulikuwa unajua.

 Nami nikauliza.

Niliuliza, "Wakati ule, ulijua maji yana kitu?"

Akasema hapana.

Niliuliza, "Ulipojua, ulikaa siku ngapi kabla ya kumwita Bwana Purvis?"

Akasema hata moja. Alisubiri kupambazuke tu.

Niliuliza, "Na tangu siku hiyo, kuna mtoto yeyote aliyekunywa maji yale?"

Akasema hakuna, hata paka.

Hapo ndipo aliponitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Unanihoji kama kamati," akasema.

Nikamwambia kamati imeshakubali.

Mtoto wako,
Renita Stroud